Jinsi ya kutunza AC ya nyumbani Tanga ili chumvi na vumbi visiimalize

Joto la kaskazi likipamba moto, maswali ninayopokea ni yaleyale. "Fundi, AC inapuliza lakini haipoozi." "Fundi, inamwaga maji ukutani." "Fundi, gesi imeisha tena." Sehemu kubwa ya kazi hizo hazihitaji fundi kabisa. Zinahitaji maji safi, brashi laini na asubuhi moja ya Jumamosi.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye hajawahi kufungua hata kifuniko cha AC yake, anaishi Tanga au popote kwenye ukanda huu wa bahari, na ana ile AC ya kawaida ya vipande viwili: mashine moja ukutani ndani, nyingine nje. Kama AC yako ni ya dirishani, hatua ya 2 na ya 3 zinakuhusu vilevile.

Shika jambo moja tangu mwanzo. AC nyingi za hapa kwetu huuawa na chumvi ya upepo wa bahari inayoganda kwenye mashine ya nje, na vumbi linaloziba mashine ya ndani. Vyote viwili huoshwa. Anayeosha kwa ratiba hukaa na AC yake miaka mingi; asiyeosha humwita fundi kila kaskazi na kulipia gesi ambayo hakuihitaji.

Vitu vya kuandaa

- Ndoo mbili za maji ya bomba au ya mvua. Maji ya kisima chenye chumvi chumvi usiyatumie, utakuwa unapaka kilekile unachotaka kukiondoa.
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo.
- Brashi laini ya rangi ambayo haijatumika, na mswaki wa zamani.
- Chupa ya kupulizia maji.
- Mpira wa bustani, au pampu ya mgongo ambayo haijawahi kubeba dawa ya shamba.
- Bisibisi ya nyota na tesita.
- Ngazi imara, na mtu wa kuishika.
- Kipande cha turubai au nailoni, na matambara makavu.
- Glavu. Vile vibati vyembamba vya alumini vilivyopangwa kwa karibu karibu, ambavyo humu nitaviita mapezi, hukata vidole.
- Kipimajoto kidogo, ukikipata.

Kazi yenyewe

1. Zima umeme kwenye breka. Kuzima kwa rimoti hakutoshi, kwa sababu umeme unabaki ndani ya mashine. Shusha breka ya AC, halafu hakikisha kwa kubonyeza rimoti: mashine isiitike hata kwa mlio. Waambie wote walio nyumbani, watoto pia, kwamba breka hiyo isiguswe mpaka wewe mwenyewe uirudishe. Subiri dakika kumi.

Onyo: ubavuni mwa mashine ya nje kuna kifuniko chenye nyaya na kapasita. Usikifungue. Kapasita huhifadhi umeme hata breka ikiwa chini, na umeme huo unaweza kukudondosha kutoka kwenye ngazi. Hakuna hatua yoyote humu inayohitaji ukifungue.

2. Osha chujio. Inua kifuniko cha mbele cha mashine ya ndani kwa mikono miwili, kila mkono upande wake. Kitabana na kusimama chenyewe. Chujio ni ile nyavu ya plastiki. Lisukume juu kidogo, kisha livute chini taratibu.

Lipeleke nje kabla hujalikung'uta, usilikung'utie kitandani. Osha kwa maji yanayotoka upande wa nyuma kwenda mbele, ili vumbi lisukumwe lilikotoka badala ya kuzamishwa kwenye matundu. Kama lina mafuta ya jikoni, tumia sabuni kidogo na mswaki. Liache likauke kivulini. Ukilianika juani kwenye bati la moto litajipinda, na chujio lililopinda huacha upenyo ambapo vumbi hupita moja kwa moja hadi ndani.

Mama mmoja wa Makorora alinipokea mlangoni, kabla hata sijamaliza shikamoo: "Mwanangu, gesi imekwisha tena, niliambiwa ndiyo tabia yake." Niliomba kiti nikapanda. Chujio lilikuwa na tabaka la vumbi nene kiasi kwamba nilipolivuta lilitoka zima, linakunjika. Nililiosha, nikasafisha na mapezi, AC ikapooza chumba. Gesi yake ilikuwa kamili. Ndiyo maana fundi yeyote anayeanza na mtungi wa gesi kabla hajatazama chujio, mimi humtilia shaka.

3. Safisha mapezi ya ndani. Chujio likishatoka utayaona mapezi yakiwa wazi. Tandika nailoni ukutani na sakafuni. Piga brashi kavu kwa kufuata mistari yake, juu kwenda chini. Ukipiga kwa mlalo utayalaza, na yakilala hewa haipiti. Kisha pulizia maji yenye matone machache ya sabuni, ngoja robo saa, halafu pulizia maji matupu mpaka yanayodondoka yawe safi. Maji hayo yataangukia kwenye trei iliyo chini ya mapezi na kutoka nje kupitia mpira wake.

Kuwa mpole upande wa kulia, ambako kwenye mashine nyingi ndiko lilipo boksi la umeme. Lifunike kwa tambara kavu.

Tazama pia ile feni ndefu ya mviringo inayoonekana kwenye mdomo wa kutolea hewa. Ikiwa imeshika ukungu mweusi, isafishe kwa mswaki kadiri unavyofika. Ikiwa imejaa kabisa, hiyo mwachie fundi, kwa sababu inabidi mashine ifunguliwe.

4. Zibua mpira wa maji. Hewa ya Tanga ina unyevu mwingi, na AC yako huukamua usiku kucha. Lita kadhaa za maji kwa siku ni jambo la kawaida. Maji hayo yana njia moja tu, ule mpira unaotokea nje. Ndani yake huota ute mzito kama mlenda, na nje nyigu wa udongo hupenda kujenga mdomoni.

Nenda mwisho wa mpira, toa udongo na wadudu. Kisha mimina kikombe cha siki na maji ya uvuguvugu kwenye trei, taratibu, ngoja nusu saa, halafu fuatisha maji matupu. Yakitoka kwa kasi huko nje, umemaliza. Yakitoka kwa matone, zungushia tambara mdomo wa mpira kule nje na uvute kwa mashine ya kufyonza vumbi inayokubali maji, kama unayo. Usipulize kwa mdomo, wala usisukume uchafu kurudi ndani kwa presha.

Usichanganye siki na dawa ya klorini ya kufulia. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, nawe upo chumbani.

Angalia pia kwamba mpira unateremka moja kwa moja bila kupanda popote, na kwamba mdomo wake haujazama ndani ya ndoo. Wengi hukinga maji hayo kwa ajili ya kudeki au kumwagilia maua, na wanafanya vizuri, ila mdomo uwe juu ya maji muda wote.

5. Osha mashine ya nje. Hapa ndipo ningependa usiwe na haraka.

Upepo wa bahari hubeba chembe za chumvi. Zinatua kwenye mapezi, usiku unyevu unazilowesha, na pale alumini ya mapezi inapogusana na shaba ya mabomba yaliyopita katikati yake, alumini huanza kuliwa. Nilishawahi kugusa kwa kidole gumba mapezi ya mashine moja iliyotazama bahari kule Raskazone. Yalimomonyoka, ukabaki unga mweupe kidoleni. Kwa macho, kutoka chini, mashine ile ilikuwa bado inaonekana nzima. Mapezi yakifikia hapo hayarudi. Utabadilisha koili nzima, yaani mapezi pamoja na mabomba yake, au mashine. Kuiosha mapema kungegharimu ndoo mbili za maji.

Fanya hivi:

a) Breka bado iko chini. Kama mashine iko juu ghorofani na hakuna mahali salama pa kusimama, acha. Mwite mtu mwenye vifaa vya kupandia.

b) Ondoa majani, nyuzi za buibui na viota kwa mkono wenye glavu. Angalia kama kuna mjusi kafiri aliyejibanza. Hawa hupenda joto la humo, na akiingia kwenye bodi ya umeme akagusa nyaya mbili, anakufa na bodi inaungua.

c) Piga brashi laini upande wa nyuma na ubavuni, kufuata mistari ya mapezi.

d) Mwagia maji kwa mpira, kuanzia juu kushuka chini. Elekeza maji yaingie moja kwa moja katikati ya mapezi, yasiyapige kwa mshazari. Usilenge upande wenye kifuniko cha umeme. Mashine hii imetengenezwa kunyeshewa mvua, kwa hiyo maji ya kawaida hayaidhuru. Presha ndiyo inayoidhuru.

e) Kama kuna uchafu wa mafuta, pulizia maji ya sabuni ya vyombo, ngoja dakika kumi, suuza sana. Sabuni iliyobaki nayo huvuta uchafu.

f) Suuza na umbo la nje, vishikio na bolti zake. Chumvi hula vishikio vya chuma kimyakimya. Ukiona kutu inabanduka kwa magamba, vibadilishe kabla mashine haijakuangukia wewe au mtoto wa jirani.

6. Kagua mabomba. Mabomba mawili ya shaba yanayounganisha mashine zote mbili yanapaswa kufunikwa na sponji nyeusi. Jua letu huichambua sponji hiyo ikaisha. Ikiisha, bomba huvuja jasho, ukuta unalowa, na ubaridi unapotelea njiani. Nunua sponji mpya, vika, kisha zungushia tepu ya kuikinga na jua.

Kwenye nati za maungio tazama kama kuna madoa ya mafuta. Mafuta ya kompresa, ile pampu ya gesi iliyo ndani ya mashine ya nje, husafiri pamoja na gesi, kwa hiyo doa la mafuta ni dalili ya gesi kuvuja. Paka povu zito la sabuni hapo. Likichemka mapovu, umepata tundu. Usikaze nati mwenyewe kwa nguvu, shaba hupasuka.

7. Rudisha, washa, pima. Acha kila kitu kikauke saa moja. Rudisha chujio, funga kifuniko, pandisha breka, subiri dakika tano, washa kwenye alama ya theluji, nyuzi 24. Baada ya robo saa pima hewa inayoingia juu ya mashine, halafu hewa inayotoka mdomoni. Tofauti ikiwa kati ya nyuzi 8 na 12, AC yako ni nzima, wala usimruhusu mtu aguse gesi.

Mara ngapi?

Chujio: kila wiki mbili unapotumia AC kila siku. Ukikaa kando ya barabara ya vumbi, tuseme Pongwe, fanya kila wiki.

Mashine ya nje: kila mwezi kwa watu wa Raskazone, Sahare na wote wanaoiona bahari dirishani. Ngamiani, Nguvumali na ndani zaidi, kila miezi mitatu inatosha. Mvua ya masika husaidia kuosha, ila haifiki upande wa nyuma ulioelekea ukutani, na huko ndiko mapezi mengi yaliko.

Mapezi ya ndani na mpira wa maji: kila miezi mitatu, na mara moja lazima iwe Novemba, kabla joto halijakaza.

Makosa ninayoyaona kila mara

*Kuosha kwa asidi.* Kuna wanaopulizia asidi au dawa ya choo kwenye mapezi. Yanang'aa siku hiyo, mteja anafurahi, na alumini inaendelea kuliwa. Mkatalie.

*Mashine ya kuoshea magari.* Inalaza mapezi yote kwa dakika moja.

*Kuificha mashine ya nje.* Watu huizungushia ukuta au kuiweka kwenye kibaraza kilichofungwa ili isiibiwe. Ile mashine hutupa nje joto la chumba chako. Ukiifungia, inavuta tena joto lake yenyewe. Weka kizimba cha nondo zilizoachana, uache nafasi ya kutosha mbele na nyuma.

*Kuweka nyuzi 16 ili ipoe haraka.* Haipoi haraka zaidi. Kompresa inafanya kazi bila kupumzika tu. Mashine ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupooza) isiyo ya inverta, yaani ambayo kompresa yake haiwezi kupunguza kasi, ikienda mfululizo, hula takriban uniti moja ya LUKU kwa saa. Weka 25 au 26 na uwashe pangaboi taratibu. Utalala vizuri, na uniti utaziona zikikaa.

*Kuwasha papo hapo umeme unaporudi.* Kompresa inahitaji dakika tatu hivi ili presha ya gesi ilingane pande zote mbili. Umeme ukikatika na kurudi ghafla, au ukiwa mdogo mpaka taa zinafifia, kompresa hushindwa kuanza na huungua. Funga gadi ya AC, ile inayokata umeme ukiwa mdogo au mkubwa mno na kuchelewesha kuwasha. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kompresa.

Kuhusu gesi

Gesi ya AC hailiwi. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, leo na miaka kumi ijayo, ileile. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Kwa hiyo neno "kuongeza gesi kila mwaka" kama huduma ya kawaida halipo. Fundi akikwambia gesi imepungua, swali lako ni moja: inavujia wapi? Atafute tundu, azibe, avute hewa yote kwa pampu, ndipo ajaze.

Aina ya gesi na uzito wake vimeandikwa kwenye kibandiko cha mashine ya nje. Kipige picha leo, kabla jua halijakifuta. Mashine za zamani zinatumia R22, ambayo inaondolewa sokoni hatua kwa hatua chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987 kwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni. Mpya nyingi ni R410A au R32. Hazichanganywi na hazibadilishani: R410A ina presha kubwa kuliko R22, na R32 inaweza kushika moto. Fundi anayetaka kuweka "gesi yoyote iliyopo", au anayejaza R32 huku sigara iko mdomoni, muage kwa heshima.

Ikisumbua

*Inapuliza hewa ya kawaida.* Tazama rimoti kwanza. Alama ya jua ni ya kupasha joto, alama ya feni ni kupuliza tu, watoto hubonyeza. Iko kwenye theluji na bado? Angalia chujio, kisha nenda nje uone kama feni ya mashine ya nje inazunguka. Ikinguruma bila kuzunguka, zima. Mara nyingi ni kapasita, na hiyo ni kazi ya fundi.

*Inaganda barafu.* Zima upoozaji, acha feni peke yake mpaka barafu iyeyuke yote. Usiichokonoe kwa kisu, utatoboa koili. Osha chujio na mapezi. Ikiganda tena, gesi imepungua, tafuta tundu.

*Inamwaga maji ndani.* Rudi hatua ya 4. Kama mpira ni safi, huenda mashine imelala upande usio wa mpira.

*Harufu ya uvundo.* Ukungu kwenye mapezi na feni. Osha, na kila siku kabla ya kuzima iache ipulize feni tupu kwa robo saa ili ndani kukauke.

*Chumba kimepoa lakini mwili unanata.* Hutokea sana wakati wa masika. Tumia alama ya tone la maji, inayokausha hewa bila kupooza sana.

*Breka inaanguka.* Ipandishe mara moja tu. Ikianguka tena, usiibembeleze na usibadilishe kuweka kubwa zaidi. Mwite fundi umeme.

*Harufu ya kuungua, au moshi.* Shusha breka hapohapo, fungua madirisha, toa watu chumbani. Usiiwashe tena hata kama harufu imeisha, mpaka ifunguliwe na mtu anayejua.